Uliza Ujibiwe: Asilimia 30 ya mvua, asilimia 100 ya kulowa

Tangu msimu wa mvua za radi uanze huko kusini magharibi mwa Marekani barua zimekuwa nyingi mpaka nimeamua safari hii ukurasa mzima uwe wa mada hii moja tu. Wengi mnaoandika mnaishi Arizona na New Mexico, wachache mko Utah, na karibu wote mnauliza kitu kile kile kwa maneno tofauti: hawa watu wa utabiri wanajua au wanabahatisha? Wanajua. Ila wanachokijua sio kile unachotaka wewe kukijua, na ugomvi wote unaanzia hapo. Kwa wasomaji wageni, msimu kwa kalenda ya Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani unaanza Juni 15 mpaka Septemba 30, na sehemu nyingi za Arizona na New Mexico zinapata kama nusu ya mvua ya mwaka ndani ya miezi hiyo. Haya twende.

Shikamoo mjibu maswali. Mi ni mwanafunzi hapa Flagstaff. Simu ilinionyesha asilimia 30 ya mvua siku nne mfululizo, tatu za kwanza jua kali hata tone hakuna, ya nne nikaacha koti nyumbani nikakutana na mvua ya mawe njiani. Hii apu niifute? — Niliyelowa, Flagstaff

Marahaba. Apu usiifute, imekuambia ukweli sema umeisikia vibaya, na hauko peke yako. Asilimia 30 haimaanishi mvua itachukua asilimia 30 ya siku, wala haimaanishi itakuwa mvua ndogo. Inasema hivi: hapo ulipo wewe, ndani ya muda uliotajwa, kuna nafasi 30 kati ya 100 za kupata angalau milimita 0.25 za mvua, yaani ile ya kulowesha lami tu. Ukubwa wa mvua haumo kabisa kwenye hiyo namba. Manyunyu ya dakika mbili na mvua ya mawe ya kupasua kioo cha gari zinahesabiwa sawasawa.

Halafu piga hesabu kidogo. Siku nne za asilimia 30, tuchukulie kila siku ina mambo yake haitegemei jana, nafasi ya kukwepa zote nne ni kama asilimia 24 tu. Kwa hiyo toka mwanzo ulikuwa na asilimia 76 za kunyeshewa angalau mara moja, na umenyeshewa mara moja. Hapo utabiri haujakosea popote.

Sasa utauliza kwa nini wasiseme tu "saa nane mchana, mtaa fulani". Kwa sababu ya milima. Flagstaff iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hapo kaskazini yako kuna San Francisco Peaks, kilele cha Humphreys kinafika mita 3,850, na kusini kuna ule ukingo wa Mogollon Rim unaokata Arizona kwa zaidi ya kilomita 300. Jua likitoka linapasha mwamba wa juu, hewa inayogusa ule mwamba inakuwa ya moto kuliko hewa ya kimo hicho hicho iliyoko juu ya bonde la jirani, basi inapanda, hewa ya bondeni nayo inavutwa kupandisha mteremko, na kama kuna unyevu wa kutosha kufika saa tano saa sita mchana wingu limeshasimama juu ya kilele. Mpaka hapo mtabiri anajua, na siku yenye unyevu anaweza kukuandikia jana yake bila wasiwasi. Asichokijua ni wingu lipi kati ya mengi litakua mpaka litoe radi, likishakua litasukumwa upande gani, na ule upepo wa baridi unaomwagika chini yake utaenda kuamsha wingu jingine wapi. Uji ukiwa jikoni unajua utachemka, ila kiputo cha kwanza kitapandia upande gani wa sufuria hujui, hata uukodolee macho namna gani.

Na wingu moja la radi lina upana wa kilomita chache tu na uhai wake mara nyingi haufiki saa nzima. Ndo maana wewe unapigwa mawe na mwenzako mtaa wa tatu anamwagilia maua. Ushauri wangu: ukiona 30 msimu huu usiulize "itanyesha au haitanyesha", uliza "ikininyeshea mimi nitakuwa wapi", na koti ubebe.

Habari za kazi. Mimi ni mpenzi tu wa mambo ya hali ya hewa, sijasomea. Nataka kujua mtabiri akifika ofisini asubuhi anaangalia nini hasa kabla hajaandika "radi mchana", na je mtu wa kawaida kama mimi naweza kuangalia hivyo vitu? — Mfuatiliaji, Albuquerque

Nzuri kabisa, na swali lako nimelipenda kwa hiyo nitaliongelea sana, wasio na hamu warukie la dereva hapo chini.

Cha kwanza ni puto. Kwa kawaida mara mbili kwa siku, muda mmoja duniani kote, vituo vinarusha puto lililofungwa kifaa kidogo kinachopima joto na unyevu likipanda, na kwa kufuata mwendo wake wanapata upepo wa kila kimo. Huko kwenu yanarushwa Albuquerque kwenyewe, Flagstaff, Tucson, Las Vegas na kwingine. Vipimo vya alfajiri ni vya saa kumi na moja kwa saa za Arizona, kwenu New Mexico mnakosogeza saa mbele kiangazi inakuwa saa kumi na mbili. Pale mtabiri anatafuta namba moja kwanza: maji yote yaliyomo hewani toka ardhini mpaka juu kabisa, yangedondoka yote kwa pamoja yangefika kina gani. Kwa Tucson ikifika milimita 25 watu wanaanza kuchangamka, ikikaribia 40 wanaanza kufikiria mafuriko. Ninyi mlioko juu mnahitaji pungufu ya hapo kwa sababu nguzo ya hewa iliyo juu yenu ni fupi, tayari mko mita 1,600 na mlima Sandia hapo mashariki unapita mita 3,200.

Zamani mambo yalikuwa tofauti, msimu ulikuwa hautangazwi kwa kalenda. Phoenix walikuwa wanasubiri kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo maji yanaanza kujikusanya, kifike nyuzi 55 za Farenhaiti siku tatu mfululizo, Tucson ilikuwa 54, ndo wanasema msimu umeingia. Mwaka 2008 wakaachana na hiyo wakaweka tarehe. Wazee wa kazi walilalamika ila mi naona walifanya vizuri, mwananchi wa kawaida alikuwa anadhani bila tangazo hakuna hatari, wakati radi haisubiri siku ya tatu.

Cha pili, na hapa ndo kuna utamu, ni mgandamizo mkubwa wa hewa wa kiangazi umekaa wapi. Ule mgandamizo unazungusha upepo kwa mwelekeo wa saa. Ukikaa karibu na Four Corners, pale mipaka ya Arizona, New Mexico, Utah na Colorado inapokutana, upepo wa upande wake wa kusini unatoka mashariki na kusini mashariki, unabeba unyevu kutoka Mexico na kuuleta Arizona, hiyo ndo picha ya siku ya kazi. Ukisogea ukakaa juu ya Arizona yenyewe, hewa inashuka na kujipasha, juu kunakuwa na tabaka la joto linalofunika kila kitu, mawingu yanachungulia yanakufa, na watu wanapata joto la kutisha bila tone. Ukihamia mashariki upande wa Texas, New Mexico mnafunguliwa mlango wa kusini na mnaweza kupata mvua wiki nzima huku magharibi mwa Arizona kukavu. Kwa hiyo ukiona ramani ya upepo wa juu, usihangaike na rangi zote, tafuta kitovu cha ule mgandamizo tu, robo tatu ya utabiri umeshaupata.

Cha tatu ni picha za setilaiti za mvuke wa maji. Kiangazi huku vishindo vya juu, yaani mawimbi ya hewa ya juu yanayosaidia hewa ya chini kupanda, vinatokea mashariki au kusini mashariki kwenda magharibi, kinyume na baridi ambapo kila kitu kinatoka Pasifiki. Kikipita kimoja juu ya eneo lenye unyevu, radi zinajipanga, zinaishi muda mrefu, na zinaweza kushuka kutoka milimani kwenda jangwa la chini usiku. Bila hicho kishindo radi zinazaliwa mlimani na kufia mlimani.

Kuna na mji wa Yuma. Uko chini kabisa kusini magharibi mwa Arizona, karibu na ncha ya Ghuba ya California. Kukiwa na dhoruba kubwa au kimbunga kinapita kwenye mdomo wa ghuba, hewa nzito yenye unyevu inasukumwa kupanda ghuba yote mpaka Arizona, na inapofika Yuma upepo unageuka wa kusini, joto linapungua kidogo na kiwango cha umande kinaruka. Mtabiri wa Phoenix akiona hivyo asubuhi anajua siku yake imebadilika. Na hili hata wewe na simu yako unaliona, ni vipimo vya kituo cha kawaida.

Halafu kitu ambacho watu wengi wanakisoma kinyume: asubuhi yenye mawingu mengi. Raia anaona mawingu anasema leo itanyesha sana, mtabiri anaona mawingu hayo hayo anapunguza asilimia. Mara nyingi hayo ni mabaki ya radi za jana usiku, yanazuia jua kupasha mlima, na hewa ya chini imeshapozwa na mvua ya jana. Siku ya radi kubwa mara nyingi inafuatwa na siku iliyolegea. Asubuhi ya kuogopa ni ile anga safi kabisa na unyevu unausikia kwenye ngozi.

Modeli za kompyuta zipo, maarufu kwa kazi hii ni HRRR, inagawa nchi kwa vipande vya kilomita 3 na inajihesabu upya kila saa, ilianza kazi rasmi 2014. Nzuri sana kukuambia aina ya siku, kwamba leo radi zitabaki mlimani au zitashuka. Ila ukiichukua ile picha yake ya saa kumi jioni ukaamini kile kidoa chekundu kitakuwa juu ya paa lako hasa, shauri yako. Angalia matoleo matatu manne yaliyofuatana: yakikubaliana, mwamini mtabiri, yakipishana kila saa, ujue hata mtabiri anakuna kichwa. Na wataalamu wenyewe wanaandika maelezo marefu ya mawazo yao kila siku kwenye tovuti ya ofisi yao, wanaeleza wana uhakika na nini na hawana uhakika na nini. Yasome hayo kuliko kale kapicha ka wingu kwenye simu.

Mzee wangu, naendesha trela kwenye barabara kuu za I-10 na I-40. Kuna siku karibu na Lordsburg, New Mexico, niliona wingu mvua inaning'inia chini yake haifiki chini, nikasema hili halina kitu, dakika chache upepo nusura ulaze trela na vumbi likafunika kila kitu. Upepo wa nini wakati mvua haikunyesha? — Dereva wa masafa

Pole sana kaka, na nafurahi umetoka salama. Upepo ulikuja kwa sababu mvua haikunyesha, au niseme vizuri, haikufika.

Jangwa la juu hewa ya chini ya wingu ni kavu na ya moto. Chukua joto la nyuzi 35 za Selsiasi na kiwango cha umande cha nyuzi 10, ile tofauti ya 25 ukizidisha kwa mita 125 unapata tumbo la wingu liko kama mita 3,100 juu ya kichwa chako. Mvua inadondoka kilomita tatu ndani ya hewa kavu, inakauka njiani, na maji yakikauka yanapora joto la hewa inayoyazunguka. Hewa ikipoa inakuwa nzito kuliko jirani zake, inaanguka, inazidi kuongeza kasi maana hata chini bado ni nzito, ikigonga ardhi haina pa kwenda zaidi ya kutawanyika pande zote. Kipande chenyewe hakizidi kilomita 4 kwa upana na ukali wake unaisha ndani ya dakika chache, ila upepo unaweza kupita kilomita 160 kwa saa. Profesa Tetsuya Fujita, yule wa vipimo vya tornado, ndo aliyeng'ang'ania kwamba kitu hiki kipo wakati wengine hawaamini, na mwaka 1982 wakafanya utafiti mkubwa karibu na Denver kwa rada, kwa sababu pale napo ni juu na kukavu na ndege zilikuwa zinaanguka zikitua au kuruka. Kwa hiyo ile mvua inayoning'inia ndo ya kuiogopa, na mtabiri akiona kwenye vipimo vya puto hewa ya chini kavu na ya juu yenye unyevu anaandika upepo mkali hata kama asilimia ya mvua ameweka 10.

Apu nayo itakudanganya hapo. Rada inaona matone yaliyoko juu, haioni kwamba yamekaukia njiani, kwa hiyo inakupaka rangi ya kijani hapo ulipo wakati wewe huoni tone. Usiseme rada mbovu ukaipuuza, hiyo kijani bila mvua ndo alama yenyewe.

Sasa upepo ule ukikutana na ardhi tupu, mashamba yaliyolimwa au kitanda cha ziwa kikavu kama hicho cha Lordsburg, unainua vumbi. Radi nyingi zikimwaga upepo kwa pamoja unapata ukuta. Julai 5, 2011 radi zilizotokea upande wa Tucson zilituma ukuta wa vumbi mpaka Phoenix, kimo chake kilikadiriwa mita 1,500 hadi 1,800 na upana wake mbele karibu kilomita 160, na waliofikiwa nao wengi hawakuwa na wingu la mvua juu yao. Ndo maana nakuambia usiangalie wingu lililo juu yako, angalia lililo kilomita 50 upande upepo unakotoka. Kati ya Phoenix na Tucson karibu na Eloy wameweka mfumo wa kugundua vumbi wa kama kilomita 16, wenye rada na vibao vinavyoshusha kasi vyenyewe. Kibao kikishusha, shusha hata kama mbele unaona kweupe.

Vumbi likikukuta: toka nje ya barabara kabisa, mbali iwezekanavyo, zima taa ZOTE, weka breki ya mkono na utoe mguu kwenye breki ili taa nyekundu za nyuma zisiwake. Wengi hili la taa linawashangaza, lakini aliye nyuma yako hakioni kitu, akiona taa anadhani ndo njia anakufuata. Na mkanda usifungue.

Jambo moja niongezee hapa maana ni la upepo huo huo. Juni 30, 2013 huko Yarnell, Arizona, wazima moto 19 walikufa baada ya upepo uliotoka kwenye radi kugeuza moto wa msituni na kuuelekeza kwao. Mwanzo wa msimu ndo hivyo, radi zinakuja na umeme na upepo kabla hazijaja na maji.

Habari za leo, natarajia kupeleka watoto kuona makorongo kule Page, kaskazini mwa Arizona, mwezi wa nane. Nikiamka nikikuta anga jeupe pee naweza kuingia bila wasiwasi? — Mama wa watatu, Phoenix

Hapana mama, na nakuomba hili ulichukulie kwa uzito. Anga ya kuangalia sio ya juu ya korongo, ni ya juu ya eneo lote linalomwaga maji yake kwenye hilo korongo, na hilo eneo linaweza kuwa halionekani kabisa toka ulipo. Agosti 12, 1997 watu 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon ya chini, hapo hapo karibu na Page, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali juu ya mkondo, pale kwenyewe mvua ilikuwa kidogo sana. Mwamba ule hauna udongo wa kunywa maji, kila milimita inayodondoka inakimbia, na korongo lenyewe ni jembamba kiasi kwamba maji yanapanda ukutani badala ya kutandaa.

Siku hizi pale Antelope huingii bila kiongozi, na viongozi wanafuatilia hali ya hewa, kwa hiyo wakisema leo tunafunga, msibishane nao hata kama mmelipa. Ugumu uko kwenye makorongo mnayoingia wenyewe. Septemba 14, 2015 kundi la watu 7 liliingia Keyhole Canyon ndani ya hifadhi ya Zion, Utah, siku ambayo onyo la uwezekano wa mafuriko lilikuwa limeshatoka, na wote saba walikufa. Siku hiyo hiyo mji wa Hildale, sio mbali na hapo, maji yalibeba magari yaliyokuwa na kina mama na watoto na zaidi ya watu 10 wakafa. Kwa Zion na hifadhi za jirani kuna daraja la kila siku la hatari ya mafuriko: haitarajiwi, inawezekana, ina uwezekano mkubwa, inatarajiwa. Mimi ningekuwa na watoto ningeingia korongo jembamba siku ya "haitarajiwi" tu. Wengine wataniona mwoga, sawa.

Nenda asubuhi mapema, kabla milima haijapata joto. Ukiwa ndani, maji yakibadilika rangi, vijiti vikianza kuelea, au ukisikia mngurumo usioisha, usiangalie nyuma wala usikimbilie mlango, panda juu.

Na kwenye barabara ni hivyo hivyo, kile kijito kikavu kinachokatiza barabara kikiwa na maji usipite. Maji yanayokimbia ya sentimita 15 yanaangusha mtu mzima, 30 yanainua gari dogo likaelea, 60 yanabeba karibu kila gari. Arizona kuna sheria toka 1995, watu wanaiita sheria ya dereva mjinga, ukizunguka kizuizi ukaingia kwenye maji na ukaokolewa unaweza kudaiwa gharama mpaka dola 2,000.

Nyumba yetu iko chini ya mlima ulioungua mwaka jana. Jirani anasema sasa moto hauwezi kurudi tukae kwa amani. Kweli? — Msomaji, New Mexico

Moto pengine hautarudi, maji ndo yanakuja. Udongo ulioungua sana unakataa maji, mimea ya kuyashikilia haipo, kwa hiyo mvua ambayo mwaka juzi mngeifurahia sasa inashuka na majivu, magogo na mawe. Kipimo ambacho watabiri wanakitumia ni kwamba milimita 13 ndani ya saa moja zinaweza kutosha, na hiyo kwa radi ya jangwa la juu ni mvua ya dakika kumi na tano. Flagstaff mwaka 2010 moto wa Schultz ulianza Juni 20, Julai 20 mafuriko yakashuka toka mlima huo huo na kuua mtoto wa miaka 12. Kwenu New Mexico, Ruidoso iliungua Juni 2024, na Julai 8, 2025 mto Rio Ruidoso ukapanda kupita mita 6, watu watatu wakafa.

Kwa mlima kama wenu ofisi ya utabiri inaweka macho maalum, wingu likisimama tu juu ya kovu la moto wanatoa onyo hata kabla mvua haijapimwa chini, kwa hiyo wakati mwingine onyo litakuja na kusitokee kitu. Msichoke kuhama kwa ajili hiyo. Simu isizimwe sauti usiku, na bima ya mafuriko ya serikali kuu kwa kawaida ina siku 30 za kusubiri kabla haijaanza kufanya kazi, kwa hiyo kuinunua siku wingu limeshatokea ni kuchelewa.

El Niño ikija msimu wa radi unakuwa mzuri au mbaya? Nataka jibu fupi. — Mkulima wa bustani, Santa Fe

Fupi: haisaidii sana kwa mvua za kiangazi, inaongea zaidi kuhusu mvua za baridi. Tazama msimu unavyoyumba: mwaka 2020 Phoenix walipata milimita 25 tu msimu mzima, Flagstaff wakaweka rekodi ya ukame, mwaka uliofuata Tucson wakapata 325, wa tatu kwa mvua katika rekodi zao zote. Na Phoenix Septemba 8, 2014 walipata milimita 84 siku moja, zaidi ya wastani wa msimu wao mzima, sababu unyevu wa mabaki ya kimbunga Norbert ulipita. Anayekuambia mwezi wa tatu kwamba msimu utakuwa hivi au vile, msikilize kwa adabu halafu kapande unachotaka.

Kuhesabu sekunde baada ya radi kupiga ni kweli kunasaidia au ni mambo ya kitoto? — Wapanda milima wawili

Kweli. Sauti inachukua kama sekunde tatu kwa kilomita moja, ukihesabu 30 radi iko kilomita 10 na hapo uko ndani ya hatari tayari, maana umeme unaweza kutoka pembeni ya wingu ukapiga zaidi ya kilomita 15 kwenye jua. Msingoje kuhesabu. Humphreys muwe mmeshaanza kushuka kabla ya saa sita mchana, na sehemu ya juu haina miti, ninyi ndo mti.

Swali la kijinga jamani, nguo nianue saa ngapi? — Mfuaji

Halina ujinga, ni utabiri wa kila siku huo. Ukiwa Flagstaff au popote mlimani, saa tano asubuhi ziwe ndani, anika alfajiri na kwa ukavu wa huko zitakuwa zimekauka mapema tu. Ukiwa Phoenix radi zinashuka toka mlimani jioni na usiku, mchana anika utakavyo, ila jua likizama ukiona upande wa kaskazini mashariki umeme unamulika, anua haraka, na sio kwa sababu ya mvua, vumbi litafika kwanza na utafua upya.